Tununulieni Kabla ya Kutukopesha

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Manispaa ya Musoma

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Buhare. Mimi ni msusi wa vikapu na mfumaji wa vitambaa, kazi ninayoifanya nyumbani kati ya kuosha vyombo vya mchana na kuwasha moto wa jioni. Sikutumwa na kikundi, wala sigombei kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu mjini kwetu mwanamke akiandika barua ya wazi, watu huanza kuulizana kama ameshachukua fomu ya viti maalumu.

Ombi langu ni moja, na naliweka hapa juu ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi chini: kabla hamjatukopesha tena, nunueni kwetu.

Ninyi ni wa hapa, hivyo mnajua kwamba pesa ya nyumba nyingi za Musoma inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupandishwa ufukweni, wavuvi wakakaa kushona nyavu, na mama aliyezoea kuanika dagaa Makoko au kubeba mzigo wake kutoka mwalo wa Mwigobero akabaki mikono mitupu. Siku hizo ndizo kroshia na sindano ya ukili hutoka kabatini. Pesa ya kikapu hununua unga, luku, daftari la mtoto na dawa ya bibi. Haijengi nyumba, na sijamwona bado aliyejenga ghorofa kwa vitambaa vya makochi. Lakini nyumba isiyo nayo, wiki ya mbalamwezi huishi kwa kukopa kwa jirani, na jirani naye anasubiri giza lilelile.

Hii ndiyo kazi ambayo kwenye fomu zenu huandikwa "mama wa nyumbani". Afisa akipita mtaani saa tisa alasiri akatukuta barazani tumekaa, huona watu wamepumzika. Basi leo nimkaribishe akae nasi kidogo.

Ukindu unaletwa umefungwa mafungu. Unachanwa kwa kucha au kwa msumari, kila jani lipate upana mmoja na mwenzake, kwa sababu jani moja likiwa nene mkeka wote utapinda. Ule wa rangi unachemshwa kwenye sufuria ya zamani ambayo haitapikiwa tena chakula, kisha unaanikwa kivulini. Jua la Musoma hula rangi. Ndipo unasukwa ukili, mrefu, unapimwa kwa pima za mkono na kuzungushwa kama konokono. Halafu unaanza kushona kuanzia kitako. Mjuzi akitaka kukijua kikapu haangalii maua yaliyo ubavuni, anakigeuza na kubonyeza kitako kwa dole gumba. Kikibonyea, kitalegea siku ya kwanza kitakapotiwa kilo mbili za sukari. Kitambaa cha kroshia nacho kina mtihani wake. Ukiruka jicho moja kwenye mzunguko wa tano hutaliona. Utaliona kwenye mzunguko wa kumi na mbili, kitambaa kikikataa kulala juu ya meza. Hapo dawa ni kufumua. Kikikamilika kinatiwa wanga wa muhogo uliokorogwa mwepesi, kinakamuliwa na kuvutwa juu ya godoro kwa pini hadi kikauke. Mteja anakiona kimesimama vizuri, anauliza, "Hiki si cha dukani?" Anadhani ametusifu.

Sasa niingie kwenye mikopo.

Mwaka 2018 Bunge liliweka kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa kile ambacho kabla ya hapo kilitegemea zaidi maagizo na utashi wa halmashauri: asilimia kumi ya mapato ya ndani itengwe, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na mikopo isiwe na riba. Aprili 2023 ikasimamishwa baada ya malalamiko mengi kuhusu vikundi hewa na fedha zisizorudi. Julai 2024 ikarejea na utaratibu mpya. Sina ugomvi nayo. Mbele ya mikopo ya kausha damu, ambako mtu hukopa Jumatatu na Jumatatu ya pili kochi lake linabebwa, mkopo usio na riba ni neema. Wapo waliofungua genge, wapo walionunua cherehani, wapo waliotoka kabisa kwenye shida. Hao sijawasahau.

Lakini tupige hesabu ya msusi. Tuseme kikapu cha kati kinauzwa 15,000. Ukindu, rangi, mikanda ya ngozi na kitambaa cha ndani vimekula 6,000. Zimebaki 9,000, kazi ya mchana wa siku nne. Tuseme tena wanawake watano wamekopeshwa 1,500,000 ya kurudisha kwa mwaka mmoja. Kila mmoja ana 300,000 mkononi na rejesho la 25,000 kila mwezi. Vikapu vitatu vya kwanza vya kila mwezi si vyake. Si hesabu mbaya, ikiwa vimenunuliwa. Visiponunuliwa, vinaning'inia darini vinakusanya vumbi na moshi wa jikoni, na tarehe ya rejesho haijali mbalamwezi wala mwezi wa Ramadhani wala Januari ya ada. Hapo ndipo mwanamke anakwenda kwa kausha damu kukopa pesa ya kulipia mkopo wa serikali usio na riba. Kwenye taarifa yenu ataonekana amelipa vizuri sana.

Mkopo unampa mtu uwezo wa kutengeneza. Sisi kutengeneza tunaweza. Tulichokosa ni mnunuzi anayejulikana, mwenye kipimo kinachojulikana, siku inayojulikana. Mkimkopesha msusi asiye na soko mnamwongezea vikapu darini.

Geuzeni sasa ukurasa wa pili wa daftari lenu. Halmashauri hukopesha, na pia hununua. Ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa mjini hapa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi zinazonunua kwa fedha za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Nimewasikia watu wengi wakiijua ile asilimia kumi, hata watoto wanaiimba. Hii thelathini ni wachache wanaoitaja, nami sielewi kwa nini, maana kumi ni deni, thelathini ni malipo ya kazi.

Mtu akisikia manunuzi ya halmashauri anawaza saruji, nondo na mafuta ya magari. Ni kweli hatuwezi kufuma nondo. Lakini watoto wa darasa la awali huketi kwenye mikeka wakati wa hadithi na michezo, na mkeka wa plastiki ukikanyagwa na watoto arobaini haumalizi mwaka. Kila semina ina mfuko wa kubebea makabrasha. Kila mgeni rasmi anapewa zawadi, na mara nyingi zawadi hiyo ni fremu ya kioo iliyosafiri kutoka mbali kuliko mgeni mwenyewe. Meza kuu ina kitambaa, viti vya ukumbini vina vitambaa, madirisha ya zahanati yana mapazia. Kuna mafagio. Kuna wanasesere na vibao vya namba vya kufundishia watoto wadogo, ambavyo walimu hujitengenezea usiku kwa maboksi. Kuna sweta za shule, ambazo katika joto letu hili sijawahi kuelewa ni za nini, lakini maadamu mtoto lazima awe nayo, ifumwe hapa kwa mashine za kufumia zilizoko majumbani.

Najua nitajibiwa nini: kazi ya mikono haina kipimo, hakuna viwili vinavyofanana, ukiagiza mia utapata mia tofauti. Jibu hilo lina ukweli, na mfano wake tuliuona wote. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini. Wiki hizo vikapu vya mama zetu vilishuka kutoka juu ya makabati, watu wakaenda navyo sokoni Nyasho bila aibu. Kwa kitambo kidogo msusi alikuwa mtu wa kutafutwa. Halafu ikaja mifuko mbadala ya kiwandani, ya bei ndogo, ya ukubwa mmoja, mwenye duka anaagiza elfu moja leo na kesho inafika. Vikapu vikarudi juu ya makabati. Watu husema plastiki ilitushinda tena kwa jina jipya. Naona ni nusu ya maneno. Kilichotushinda ni kwamba mwenye duka alitaka vitu elfu vinavyolingana, nasi kila mmoja alikuwa na kikapu chake kimoja, kwa kipimo cha mkono wake, na hakuna aliyekuwa ametuambia kabla: urefu huu, upana huu, mpini huu, tarehe hii. Mnunuzi mkubwa ndiye hufundisha kipimo, nayo semina ya ujasiriamali ya siku mbili yenye soda na posho haijawahi kutufundisha hicho.

Nchi hii ina mfano wa siku nyingi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hardboard, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Mchoraji wa miaka minne angeweza kusahaulika. Lakini kulikuwa na shirika la umma, National Arts of Tanzania, lililoanza kununua kazi zake, na pembeni yake walikuwa wameketi ndugu na vijana wanajifunza. Kipaji kilikuwa chake, hakuna serikali inayompa mtu kipaji. Ila mtu anayejua kwamba kazi yake ina mnunuzi anaweza kumwambia mpwa wake, kaa hapa ushike brashi. Leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji, na wajukuu wa wanafunzi wake wanakula kwa jina hilo.

Majirani zetu wa Rwanda nao. Vikapu vyao vya agaseke vilisukwa vizazi na vizazi, bibi kwa mjukuu, kwa ajili ya harusi na zawadi. Kampuni ya Gahaya Links, ya ndugu wawili wa kike, Joy Ndungutse na Janet Nkubana, ilipopata oda ya maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005, wasusi wa vijijini, baadhi yao wajane wa mauaji ya mwaka 1994 wakikaa pamoja na wake za waliofungwa kwa mauaji hayohayo, walianza kusuka kwa kipimo kimoja. Oda ndiyo iliyokuwa shule. Sisemi Manispaa ya Musoma ni Macy's. Nasema mikeka ya madarasa ya awali ni oda, nayo inatosha kuanzia.

Wengine hunishauri niwauzie watalii. Wageni wapo, ni kweli. Lango la Ndabaka la Serengeti liko barabarani kwenye njia ya Bunda na Mwanza, na Butiama kuna makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, ambako kila tarehe 14 Oktoba watu hufika kwa mabasi. Ningefurahi halmashauri zetu za Musoma, Bunda na Butiama zikikubaliana meza moja safi ya kazi za Mara katika sehemu hizo mbili. Lakini watalii wengi wa Serengeti huingilia upande wa Arusha na kutokea hukohuko, upande wetu huuona kwenye ramani. Tena mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, waliotegemea mgeni peke yake walijua maana ya kutegemea mgeni. Mtalii awe kachumbari. Ugali ni mnunuzi wa hapahapa.

Na tafadhali msitujengee jengo. Nalisema kwa heshima, kwa sababu naona wazo hilo linavyopendwa: jengo lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata. Machinga Complex ya Dar es Salaam ilikaa miaka bila kujaa, katikati ya jiji lenye mamilioni ya watu, kwa sababu biashara haikuwa inapita hapo. Msusi wa nyumbani ana karakana tayari, nayo ni baraza lake. Hapo anasuka huku akiangalia mtoto, sufuria ya maharage na nguo zilizoanikwa. Mkimtoa hapo mmemtoa kwenye kazi yenyewe.

Nikija kwenye utaratibu, naujua ugumu wake. Manunuzi ya serikali siku hizi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mfumo huo una faida, umekusudiwa kupunguza bahasha za chini ya meza. Lakini unataka kikundi kilichosajiliwa, namba ya mlipakodi, barua pepe na mtu wa kukaa mbele ya kompyuta. Mama anayeweza kuhesabu macho mia mbili ya kroshia kichwani huku anapiga soga hashindwi na kompyuta. Anashindwa na bando, nauli na foleni.

Dawa iko mlangoni kwetu. Hapa Buhare tuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii, kinachoandaa watu wanaokwenda kuwa maafisa maendeleo katika kata mbalimbali za nchi. Wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kujifunzia kwa vitendo. Ombeni chuo, waheshimiwa, wanafunzi wakae ofisi ya kata siku moja kwa wiki, wawasajili wasusi na wafumaji, wawafungulie akaunti, wawasomee matangazo kwa Kiswahili cha barazani. Mwanafunzi akishamsaidia mama mmoja kupata oda yake ya kwanza, atakuwa amejifunza maendeleo ya jamii kuliko kwenye makaratasi ya mtihani. Wakufunzi wasinichukie, wanajua ninachosema.

Yapo mambo mawili ya pesa ambayo yasipotazamwa, yote haya yatakuwa hadithi.

La kwanza ni malipo. Kuchelewa kwa malipo ya serikali kwa wazabuni ni jambo linalosemwa hata bungeni. Mkandarasi mwenye malori anaweza kungoja miezi sita huku anakopa benki. Msusi aliyetumia pesa ya ukindu hawezi kungoja, atauza kikapu kinachofuata kwa hasara ili ale. Kwa oda ndogo za kazi za mikono, lipeni siku ya kupokea mzigo, baada ya mtu kubonyeza kitako cha kikapu na kuridhika. Kikikataliwa, kirudishwe siku hiyohiyo na sababu itajwe, tutarekebisha.

La pili ni kodi, kwa sababu kila msusi akisikia "kusajiliwa" anasikia "kutozwa", na ndiyo maana wengi hujificha. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Hata vile vitambulisho vya wajasiriamali vya mwaka 2018, vya 20,000, vilikusudiwa watu wa kiwango hicho. Wasusi wengi wa nyumbani hawafiki hapo hata wakisuka usingizini. Semeni hilo kwa sauti kwenye mikutano ya mitaa, lisemwe na mtendaji, libandikwe. Kodi tunalipa kila tunaponunua uzi dukani. Tunachoogopa ni mgambo wa kushuku kila anayebeba vikapu viwili begani.

Mwaka wenu wa fedha huanza Julai, na kabla ya hapo kila idara huorodhesha mahitaji yake. Naomba safari hii, orodha ikifika mbele yenu, mmoja wenu anyooshe mkono aulize ni vitu gani kati ya hivyo vinaweza kutengenezwa barazani Buhare, Makoko, Bweri na Kigera, na asikubali kujibiwa "tutalifanyia kazi". Anzeni na kitu kimoja. Mimi ningeanza na mikeka ya madarasa ya awali: urefu, upana, idadi kwa kila shule, bei, tarehe ya kupokea. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata, ukubwa wa kusomeka na mwenye miwani ya kuazima. Tukiiona Machi, Julai mikeka itakuwa imeshakunjwa inawasubiri.

Wenu,
Msusi wa Buhare, Musoma